Homa ya miezi mitano, kumbe mdudu wa mbuzi kahamia kwenye valvu ya moyo: kisa cha mjomba wangu wa Bahi

Mwana Chigongwe (mleta uzi)

Mbukwenyi wakuu. Uzi ni mrefu, asiye na muda aweke alama arudi jioni.

Mjomba wangu ana miaka 54, anaishi Bahi, Dodoma, huko ndani ambako ukifika gari limeshabadilika rangi kwa vumbi. Ana ng'ombe kumi na kitu. Mbuzi sijui wangapi, maana ukimuuliza anabadilisha mazungumzo. Mwaka jana mwezi wa pili akaanza homa. Haikuwa homa ya kumlaza. Asubuhi anaamka mzima, anatoa mifugo, jua likianza kuzama anatetemeka. Usiku jasho linalowesha shuka mpaka mkewe anamwamshia shuka la pili. Mgongo unauma, viungo vinauma, hamu ya kula hakuna.

Zahanati wakapima malaria, kipimo hakikuonyesha kitu, akapewa dawa ya mseto hivyohivyo. Wiki tatu baadaye akaambiwa ni taifodi. Baada ya hapo ikawa UTI. Mwezi wa nne duka la dawa wakamchoma seftriaksoni, antibiotiki ya sindano, siku tano mfululizo. Na hapa ndipo tulipopotea: kila dawa ilimpa nafuu ya wiki moja. Nasi tunasema dawa imekubali, halafu homa inarudi palepale.

Mjomba ana mkanda wa ngozi aliorithi kwa babu. Suruali ilipoanza kumpwaya alikuwa anachoma msumari motoni anatoboa tundu jipya. Nilipokwenda Pasaka nikahesabu matundu mapya manne. Nikacheka, nikamwambia mjomba unarudi ujana. Kicheko kile kinaniuma mpaka leo.

Mwezi wa sita, asubuhi, kashika kikombe cha uji wa uwele, kikamponyoka. Mdomo ukaenda upande. Mkono wa kulia ukafa. Alikuwa anataka kumwita mkewe, kinachotoka ni "beberu, beberu." Wazee wakaamua katupiwa kitu, nusu siku ikaishia kwa mganga. Niliposikia nikakodi Noah kutoka mjini kumfuata.

Hospitali siitaji. Wakapiga picha ya kichwa, kiharusi. Lakini mzee hana presha, sukari ipo sawa, hajawahi kuvuta hata sigara. Akaja daktari mmoja kijana, mwembamba. Akaweka kifaa chake kifuani kwa mjomba akasikiliza muda mrefu, tukadhani kasinzia. Akamshika vidole, akaviangalia kucha moja moja kwenye mwanga wa dirisha. Chini ya kucha mbili kulikuwa na vistari vya rangi ya damu iliyokauka, kama miiba iliyovunjikia ndani. Kisha akamgeukia mkewe:

"Mama, mzee anafuga?"

Miezi mitano, vituo vinne, hakuna aliyeuliza swali hilo. Mama akajibu kwamba mwezi wa kwanza mbuzi sita walitupa mimba, na mzee ndiye aliyekuwa anayavuta makondo kwa mikono mitupu.

Naendelea, betri inakufa.

Nzuguni B

Mkuu usituache hapo.

Mangi wa Majengo

Seftriaksoni ya dukani siku tano bila cheti. Nchi hii bwana.

Maabara Usiku

Wakati tunamsubiri mleta uzi, niseme kitu kuhusu hizo sindano, maana huwa nakutana na matokeo yake mezani kwangu.

Ukishuku wadudu kwenye valvu ya moyo, vile vilango vya kupitisha damu, kipimo kikubwa ni kuotesha damu. Inatolewa kabla ya antibiotiki, mara tatu, sehemu tofauti za mwili, na iwe ya kutosha. Mara tatu kwa sababu mdudu mmoja akiota kwenye chupa zote tunajua yupo kwenye damu kweli. Akiota kwenye moja tu huenda ametoka kwenye ngozi ya mgonjwa wakati wa kuchoma sindano. Mtu akishachomwa seftriaksoni, wadudu wanazubaa, hawafi wote. Chupa zinakaa kwenye mashine siku tano, zinatoka safi, tunaandika "hakuna kilichoota". Ndugu wanashangilia. Daktari mzoefu hashangilii.

Kundi la pili ni wadudu ambao hata bila dawa ni wagumu kuota. Brusela, bakteria wa mifugo, anakwenda taratibu. Koksiela, yule wa homa ya Q, haoti kabisa kwenye chupa zetu kwa sababu anaishi ndani ya seli, huyo anatafutwa kwa kingamwili. Bartonela vilevile ni msumbufu, kuna anayebebwa na chawa wa mwilini na kuna wa paka. Hawa wote ni wachache ukilinganisha na bakteria wa kawaida, stafilokokasi na streptokokasi, ambao ndio wenye mji kwenye valvu. Kwa hiyo kila mtu anawasahau.

Na ombi moja kwa madaktari mnaosoma: mkishuku brusela andikeni kwenye fomu. Mdudu huyu akiota tukafungua sahani yake mezani bila tahadhari, tunamvuta puani na tunaugua sisi.

Mwana Chigongwe

Nimerudi. Maabara Usiku umeeleza kilekile kilichotokea. Chupa za kwanza hazikuota kitu.

Wakampeleka kwenye eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti. Waliruhusu niingie, nikaona kwenye skrini. Moyo unafunguka na kufunga, na kwenye valvu inayotoa damu kwenda mwilini kuna kitu kimening'inia kinapepea, kinakwenda mbele na kurudi nyuma kama jani lililonasa kwenye mfereji. Daktari akasema hilo ni rundo: wadudu, chembe za kugandisha damu na nyuzi za damu iliyoganda, vimeshikana. Kipande kilichomeguka ndicho kilichokwenda kwenye ubongo. Nikamuuliza, na hicho kilichobaki? Hakujibu mara moja. Akasema, "Ndiyo maana hatoki kitandani."

Wakampima brusela kwa kipimo cha damu cha Rozi Bengali, kikasoma. Wakatoa damu nyingine, wakawaambia maabara waisubiri zaidi. Ikaota. Brusela.

Sikuwahi kulisikia neno hilo. Mjomba alipoelezwa kwamba ni ule ugonjwa wa kutupa mimba akasema kwa shida, "Huo ni wa mbuzi."

Bwana Mifugo Mstaafu

Huo ni wa mbuzi, wa ng'ombe, wa kondoo, wa nguruwe na wako wewe. Nimefanya kazi Mpwapwa na Kongwa miaka mingi, na mikono yangu mwenyewe imewahi kuingia kwenye kizazi cha ng'ombe bila glovu. Ujana.

Historia yake inafaa kujulikana. Mwaka 1887 daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, alimpata mdudu huyu kwenye wengu za askari waliokufa kisiwani Malta. Jina la brusela limetokana naye. Lakini hakuna aliyejua askari wanaupata wapi. Mwaka 1905 mganga wa kisiwa kilekile, Themistocles Zammit, akapima mbuzi waliokuwa wanakamuliwa kulisha watu maziwa. Mbuzi wanaonekana wazima kabisa, wamenenepa, na mdudu yumo. Hiyo ndiyo tabia yake. Mnyama anaweza kutupa mimba mara moja, anayofuata anazaa vizuri, wewe unasahau, yeye anaendelea kumwaga mdudu kwenye maziwa na kwenye kondo.

Mbuzi sita kwa mwezi mmoja siyo bahati mbaya. Hiyo ni taarifa ya kupeleka kwa afisa mifugo siku hiyohiyo.

Mwamba wa Kondoa

Wazee wangu wamekunywa maziwa mabichi mpaka miaka tisini. Damu mbichi pia. Mnatutisha tu. Kila siku ugonjwa mpya.

Bwana Mifugo Mstaafu

Mwamba, waliofika tisini ndio unaowaona. Wale waliokuwa na "baridi yabisi" na "homa za jioni" wakazikwa na miaka arobaini hawapo barazani wakusimulie.

Tabibu wa Zamani

Ndugu Mwamba ana hoja kidogo na ijibiwe kwa haki. Wengi wanaoambukizwa brusela moyo wao hauguswi. Ni kama mmoja au wawili katika mia ndio mdudu anafika kwenye valvu. Shida ni kwamba hao wachache ndio wengi wa wanaokufa kwa brusela. Na kwa sehemu kubwa anapenda valvu ya aota, mshipa mkuu unaotoa damu kwenye moyo, kama ya huyu mzee.

Kwa nini yeye na si jirani yake? Mara nyingi valvu ilishaharibika kabla. Hapa kwetu ni ile homa ya baridi yabisi ya utotoni: mtoto anaumwa koo, streptokokasi, hatibiwi vizuri, kinga yake inageuka na kuushambulia moyo. Anapona, anakua, anachunga, anaoa, na valvu yake ina kovu asilolijua. Valvu laini mdudu anateleza, yenye kovu anapata pa kushika.

Na tuache kusema kila homa ni malaria. Kuna utafiti uliofanyika hospitali za Moshi, wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. 528 waliandikiwa kwamba ni malaria. Waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14. Katika waliokutwa na homa za bakteria wa wanyama, 16 walikuwa na brusela na 24 homa ya Q. Moshi siyo Dodoma, lakini mbuzi ni walewale.

Sindano ya Jumatatu

Shikamoo daktari. Mimi nina hiyo valvu yenye kovu, ya mitro, ile ya kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo. Niligunduliwa nikiwa kidato cha pili, nachomwa penisilini kila wiki nne. Nyumbani tuna mbuzi. Sasa nimeshikwa na hofu. Nikisikia homa nifanye nini? Na jino nikitaka kung'oa?

Tabibu wa Zamani

Marahaba mwanangu. Sindano usiruke, hiyo inazuia kovu lisiongezeke. Haizuii brusela, usichanganye.

Homa ikizidi siku chache, usinywe antibiotiki yoyote ya dukani, hata moja. Nenda kituo chenye uwezo wa kuotesha damu, na sentensi yako ya kwanza kabla hata ya salamu iwe: nina ugonjwa wa valvu na kwetu tunafuga. Mwandishi wa cheti akiandika "homa" tu, mrudishe aandike yote.

Jino: wenye valvu ya bandia na waliowahi kuugua ugonjwa huu wa moyo hupewa amoksilini gramu 2 kama saa moja kabla ya kung'oa. Wewe mwenye kovu tu, miongozo mingi haikulazimishi, lakini mwambie daktari wa meno na umwachie daktari wako wa moyo aamue. La muhimu zaidi ni mdomo kuwa safi kila siku. Kuna kundi la bakteria wanaitwa HACEK, ni wapangaji wa kawaida wa mdomoni, wapole, wanaota taratibu, na fizi zinazotoka damu ndio mlango wao.

Tiba Asili Chamwino

Habari zenu, dawa ya moyo mkubwa, valvu, nguvu za ki

Mangi wa Majengo

Kaka, wewe kila uzi upo. Jana ulikuwa kwenye uzi wa gia za Noah.

Nzuguni B

Tabibu, hiyo homa ya Q nayo inashika moyo?

Tabibu wa Zamani

Inashika, na ni mjanja kuliko brusela. Herufi Q inatokana na neno la Kiingereza lenye maana ya swali, kwa sababu Edward Derrick alipowaona wafanyakazi wa machinjio wanaugua kule Brisbane, Australia, mwaka 1935, hakujua ni nini. Koksiela anakaa kwenye kondo na majimaji ya uzazi ya mbuzi, kondoo, ng'ombe. Yanakauka, yanakuwa vumbi, upepo unapeperusha, unavuta. Huhitaji hata kumshika mnyama. Sasa piga picha Dodoma mwezi wa nane.

Kwenye valvu rundo lake ni dogo mno, eko inaweza isilione. Mtu anachoka, anakonda, moyo unashindwa kidogokidogo kwa miezi au miaka. Tiba yake ni doksisaiklini pamoja na haidroksiklorokwini, angalau miezi 18. Mwenye valvu ya bandia 24.

Mwana Chigongwe

Miezi 18! Basi sisi tulipata nafuu.

Naendelea na ya mjomba. Walianza na dawa tatu: doksisaiklini, rifampisini, na jentamaisini ya sindano kwa wiki za mwanzo, huku wakipima figo mara kwa mara. Kila asubuhi ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Nikauliza kwa nini kila siku wakati moyo ni uleule. Nesi akanieleza kwamba wadudu wa valvu ya aota wanaweza kuchimba jipu pembeni, na pembeni hapo ndipo inapopita nyaya ya umeme wa moyo. Mistari ya ECG ikianza kuachana ujue jipu linakula nyaya.

Haikuachana. Lakini siku ya kumi na moja mzee akaanza kulala ameketi. Ukimlaza anakohoa povu. Valvu ilikuwa imetoboka, damu inayotoka inarudi ndani. Wakasema dawa peke yake haitoshi, valvu itolewe. Tukahamishiwa Dar, taasisi ya moyo. Kwenye gari la wagonjwa alilala ameketi njia nzima, na kila tuta mkewe alimshika kifua kwa viganja viwili, kama anazuia kitu kisimwagike.

Kufungua kifua, kutoa valvu, kuweka ya chuma. Kuhusu gharama siandiki, kila mwenye mgonjwa wa moyo anajua. Ng'ombe sita waliondoka mnadani kwa bei ya mtu mwenye haraka.

Alipotoka akaendelea na doksisaiklini na rifampisini miezi sita. Ile rifampisini, ambayo pia ni dawa ya TB, inafanya mkojo unakuwa wa rangi ya chungwa. Jirani aliona, kesho yake kijiji kizima kinajua mjomba ana TB. Watoto wakaacha kutumwa kwake.

Sasa jambo ambalo hakuna aliyetuambia kwa herufi kubwa, nalo ndilo lililonifanya nifungue uzi. Mwenye valvu ya chuma anakunywa warfarini maisha yake yote damu isigande juu ya chuma. Anapimwa INR, kipimo cha damu inavyochelewa kuganda, yake inatakiwa iwe kati ya 2 na 3. Miezi yote ile INR ilikuwa haipandi, wanaongeza warfarini, wanaongeza. Dozi ikawa kubwa. Miezi sita ya dawa ilipotimia rifampisini ikaisha, tukafurahi, tukachinja jogoo. Wiki ya tatu mzee anaamka mto una damu, fizi zinatoka, mapajani mabaka ya bluu. INR ilikuwa 7.

Maabara Usiku

Rifampisini inaliamsha ini, linaivunja warfarini haraka. Ukiitoa, ini linapoa taratibu kwa wiki mbili au tatu, na ile dozi kubwa inabaki bila mpinzani. Hapo mgonjwa alitakiwa apimwe INR kila baada ya siku chache na dozi ishushwe mguu kwa mguu.

Mwana Chigongwe

Ndivyo tulivyoambiwa baada ya kulazwa tena. Daftari la kliniki lilikuwa limeandikwa "arudi baada ya mwezi". Simlaumu mtu, foleni naijua. Ila nataka mwenye mgonjwa wa aina hii asome hapa: siku dawa ya wadudu inapoisha, siku hiyohiyo ulizia ratiba mpya ya INR. Usiondoke dirishani bila tarehe.

Sindano ya Jumatatu

Asante kaka. Nimemsomea mama uzi wote. Amechemsha maziwa mpaka yamefurika jikoni.

Bwana Mifugo Mstaafu

Yakichemka yakapanda inatosha mwanangu, msiunguze sufuria. Ya mgando pia yachemsheni kwanza ndipo mgandishe. Kuganda hakuui brusela. Kondo na kichanga kilichotupwa: glovu, kifunike pua, chimba shimo refu au choma. Mbwa wasile. Na wajawazito wakae mbali na zizi siku hizo.

Mwamba wa Kondoa

Glovu gani? Zile za hospitali zinachanika.

Bwana Mifugo Mstaafu

Zipo ndefu za mpaka begani, ulizia maduka ya dawa za mifugo. Ukikosa, mifuko miwili ya nailoni mizito, funga kwa kamba.

Nzuguni B

Mjomba yukoje sasa?

Mwana Chigongwe

Yupo. Mkono wa kulia umerudi kama nusu, fimbo anashikia kushoto. Maneno yamerudi yote, na beberu sasa anamwita beberu. Usiku ukikaa naye karibu, kukiwa kimya, unaisikia ile valvu: tik, tik, tik, kama saa ya ukutani. Wajukuu wanagombania kulala upande huo.

Swali kwa Tabibu. Kliniki wamemwambia warfarini inavurugwa na mboga za majani. Mzee ni Mgogo, anauliza mlenda ameachishwa?

Tabibu wa Zamani

Ale. Vitamini K ya kwenye majani ndiyo inayopingana na warfarini, kwa hiyo kinachovuruga ni kula sana wiki hii na kuacha wiki ijayo. Ale kiasi kilekile wakati wote, dozi itapangwa kufuata chakula chake.

Mwana Chigongwe

Nimempigia. Anasema kiasi kilekile kwake ni mchana na usiku, tangu azaliwe. Waandike hivyo kwenye daftari.